Shughuli na mapumziko wakati wa joto kwa kanuni za tiba ya Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakishasikia kwamba Wachina wana utaratibu wao wa kuishi na joto. Waulizaji wengi ni wa hapa hapa: wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, bodaboda wa Buhongwa na Igoma, walimu, mama lishe, wastaafu wanaotembea asubuhi Capri Point. Majibu yanaeleza kanuni za tiba ya Kichina zilivyo, na pale ninapokuwa na maoni yangu nasema. Hayachukui nafasi ya daktari.

Tiba ya Kichina inasema nini kuhusu majira ya joto?

Msingi uko kwenye Huangdi Neijing, maandishi ya tiba yaliyokusanywa takribani miaka 2,000 iliyopita. Humo mwaka una majira manne, na kila majira yana namna yake ya kulala, kuamka na kufanya kazi. Majira ya joto ni ya moto na kiungo chake ni moyo. Yang, nguvu ya joto na mwendo, inakuwa imepanda hadi juu na kutoka nje kwenye ngozi. Mtu anaelekezwa alale kwa kuchelewa kidogo, aamke mapema, asilichukie jua, asifuge hasira moyoni, na aliache jasho litoke.

Hapo watu hushangaa. Walitegemea kuambiwa wajifungie ndani na feni. Kumbe joto ni wakati wa kutoka na kuchapa kazi. Wakati wa kujikunyata ni baridi. Kinachomwokoa mtu asiungue ni mapumziko ya katikati ya siku. Yang ikifika kileleni ndipo yin, nguvu ya ubaridi na utulivu, inapoanza kuzaliwa, na mwili unaipa nafasi kwa kutulia. Kazi asubuhi, utulivu adhuhuri, kazi tena jua likipoa.

Sisi hatuna majira manne. Tufuate miezi ya China?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo maelezo mengi ya mtandaoni yanaliruka kabisa. Katika kalenda ya Kichina siku ndefu kuliko zote huangukia tarehe 21 au 22 Juni, na kipindi kinachoitwa Dashu, joto kuu, huanza karibu na tarehe 23 Julai. Julai hiyohiyo Mwanza usiku una baridi na watoto wanakwenda shule na sweta. Anayefuata kalenda ya Beijing ataanza kunywa vya kupoza mwili wakati majirani zake wanatafuta blanketi.

Tofauti ni kubwa kuliko miezi tu. Beijing mwezi Juni mchana una urefu wa saa 15 hivi, na Desemba unapungua hadi saa 9 na ushei. Mwanza iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 2.5 tu, kwa hiyo mchana wetu ni saa 12, ukizidi au kupungua ni dakika chache. Joto la mchana nalo halibadiliki sana mwaka mzima. Ukisema "lala kwa kuchelewa kwa sababu mwanga umeongezeka", mwanga upi? Haujaongezeka.

Mimi naona kwetu majira yako ndani ya siku. Na hili sikulitunga: maandishi yaleyale ya kale yana sehemu inayogawa siku moja kwa majira manne, asubuhi ikiwa wakati wa kuchipua, adhuhuri majira ya joto, machweo mavuno, na usiku wa manane majira ya baridi. Kwa mkazi wa Beijing huo ulikuwa ufafanuzi wa pembeni. Kwa mkazi wa Nyegezi ndiyo kanuni yenyewe. Kila siku, mwaka mzima, unaingia kiangazi kidogo na kutoka.

Miezi bado ina kazi, lakini kwa habari ya unyevu. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna ukavu na vumbi, koo linakauka na midomo inapasuka. Wachina wangelitazama hilo kama jambo la mapafu. Machi hadi Mei ni masika, unyevu, na unyevu kwao huzidi kulemea tumbo. Mwishoni mwa Septemba na katikati ya Machi jua linapita juu ya utosi wetu hasa, na safari ya Septemba kuelekea Oktoba, kabla vuli haijashika, ndiyo mchana unapouma zaidi.

Kwa hiyo nipumzike saa ngapi?

Wachina wa kale waligawa siku kwa vipindi 12 vya saa mbili mbili. Kipindi cha moyo ni kile kinachozunguka adhuhuri, saa moja kabla na saa moja baada ya jua kufika juu. Wengi wananakili tu "saa 5 hadi saa 7 mchana" na kuishia hapo.

Tazama lakini: vipindi hivyo vilifuata jua. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45, nayo Mwanza iko karibu na 33. Jua linatufikia utosini likiwa limechelewa, kwa wastani saa 6 na dakika 48 mchana. Mwanzoni mwa Novemba linawahi, kama saa 6 na nusu. Februari linasogea mpaka saa 7 na dakika mbili tatu. Kwa hiyo kipindi cha moyo kwa mtu wa Mwanza ni kuanzia kama saa 6 kasorobo hadi saa 8 kasoro dakika kumi. Anayepumzika saa 5 na kurudi juani saa 7 kamili anarudi wakati jua liko juu ya kichwa chake.

Kama huna saa, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, punguza mwendo. Kikiwa chini ya miguu, tulia.

Kulala mchana si uvivu? Na nilale muda gani?

Dakika 20 hadi 30. Ukipitiliza saa nzima utaamka mzito kichwani na usiku utahesabu mabati. Huhitaji hata kusinzia: kukaa kimya, macho yamefumbwa, simu iko mbali, kunatosha kwa kanuni hii, kwa sababu kinachotafutwa ni moyo kutulia. Wachina wana usingizi wao wa mchana, na ofisi na shule nyingi kule huupangia muda. Waislamu wanaujua kwa jina la kailula, ni sunna. Mzee wa Kisukuma aliyelima tangu alfajiri akaja kukaa chini ya mwembe hakuhitaji maandishi ya Kichina.

Usilale mara tu baada ya kushindilia ugali. Kaa kidogo kwanza.

Mimi naanika dagaa. Jua ndiyo kazi yangu. Nifanyeje?

Mama, swali lako ni gumu kuliko mengine yote, na ushauri wa "epuka jua la mchana" kwako ni maneno ya watu walioajiriwa ofisini. Dagaa inahitaji jua lilelile ambalo mwili unalikimbia.

Kinachowezekana ni kutenganisha jua la dagaa na jua lako. Kazi nzito, kubeba ndoo, kuosha na kutandaza, ifanyike mapema. Dagaa wa usiku hufika mwaloni alfajiri, kwa hiyo mpango huo hauko mbali na ulivyo. Mchana kazi iliyobaki ni kugeuza na kufukuza ndege. Hiyo gawaneni: wawili juani, wengine kivulini, mbadilishane kila baada ya muda mfupi. Kitenge kichwani na blauzi nyepesi ya mikono mirefu ni bora kuliko mikono wazi. Ziwa letu liko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na jua la mwinuko huo karibu na ikweta linachoma ngozi hata siku ambayo upepo wa ziwani unakudanganya kwamba hakuna joto.

Tiba ya Kichina husema jasho ni maji ya moyo. Anayetoka jasho siku nzima bila kurudisha anauchosha moyo: mapigo yanakwenda mbio, usiku usingizi hauji, hasira ziko karibu. Lugha ni yao lakini dalili hizo kila mwanika dagaa anazijua. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijaja, na siku ya jasho jingi weka chumvi kidogo kwenye chakula au kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mwenye presha au kisukari amuulize mhudumu wa afya kwanza.

Na wavuvi wa dagaa, wanaokesha ziwani?

Kwa kanuni za Kichina hawa ndio wanaokwenda kinyume kabisa. Usiku ni wakati wa yin, damu inarudi kupumzika kwenye ini, nao wako mtumbwini na taa, iwe karabai au hizi za sola zinazotumika siku hizi.

Ila wavuvi wana kitu ambacho mfanyakazi wa mjini hana. Dagaa hufuata taa pale penye giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu, na watu wanapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kila mwezi una kipindi cha kazi na kipindi cha kulala, kimepangwa na mwezi wenyewe. Hakuna daktari wa Kichina ambaye angepinga mpango huo. Tatizo ni jinsi kipindi cha mbalamwezi kinavyotumika: hela ipo, muziki upo, pombe ipo, na mtu anarudi ziwani amechoka kuliko alivyotoka. Ningekuwa na sauti kwenye mialo ningesema siku tatu za kwanza za mbalamwezi ziwe za kulala usiku, basi, mengine yafuate.

Wakati wa giza, ukirudi asubuhi, kula kitu chepesi cha moto na ulale kabla jua halijapanda. Funga dirisha kwa pazia zito, weka chandarua hata kama ni mchana. Kuanza kuuza, kudai na kugombana mpaka saa 6 ndipo ulale kunakuibia usingizi wa siku mbili.

Mazoezi nifanye lini?

Alfajiri jua likichomoza, yaani kama saa 12 na nusu hadi saa 2, au jioni baada ya saa 11. Kipimo cha Kichina ni jasho: litoke, lilowanishe ngozi, lisitiririke. Ukiona linadondoka na pumzi inakatika, umeshapita.

Taichi na baduanjin, ambayo ni miondoko minane tu ya polepole, vinafaa kwa wazee na wenye magoti mabovu, na havihitaji uwanja. Kupanda vilima vya Mwanza kwa miguu ni mazoezi tosha. Mtu wa Mabatini anayeshuka na kupanda mawe kila siku hana haja ya kulipia gym. Mpira wa vijana wa saa 8 mchana kwenye uwanja wa vumbi, huo hapana. Makocha wausogeze hadi jioni.

Maji ya baridi kutoka friji ni mabaya?

Waganga wa Kichina wanasema ndiyo: ubaridi wa ghafla unazima moto wa tumbo na kudhoofisha wengu. Wengu kwao ni kazi nzima ya kusaga chakula na kuondoa unyevu, zaidi ya kile kiungo kilichoko ubavuni.

Hapa siwafuati moja kwa moja. Anayefanya kazi ngumu kwenye joto hupozwa kweli na kinywaji cha baridi, hilo limepimwa kwa wanamichezo. Kama tumbo lako linakubali maji ya baridi, kunywa. Kama kila ukimaliza soda ya barafu juu ya chipsi tumbo linajaa gesi, wasikilize Wachina. Ninachokiogopa zaidi Mwanza ni barafu yenyewe: imegandishwa kwa maji gani? Barafu ya maji yasiyochemshwa inaharisha, haijali falsafa.

Nile nini?

Hapa tuna bahati. Chakula ambacho Wachina wanakisifia kuliko vyote wakati wa joto ni choroko, na Usukumani choroko zinalimwa. Sisi tunazipika mpaka zivurugike na kuziunga na nazi au karanga. Wao wanataka maji yake. Chukua kikombe kimoja cha choroko zilizooshwa, vikombe vinane vya maji, chemsha kama dakika kumi, mpaka maji yawe ya kijani lakini choroko hazijapasuka. Chuja, acha yapoe yenyewe, kunywa mchana, na sukari kidogo ukipenda. Choroko zilizobaki rudisha jikoni uzimalizie kuwa mboga ya jioni. Hakuna kinachopotea.

Tikiti maji na tango ni vyakula vya kupoza. Vichungu navyo ni vya moyo: karela kwa wanaoipata, na kwa wengine mnafu na nyanya chungu zinafanya kazi hiyohiyo. Nyama choma, pilipili nyingi na pombe kali ni moto juu ya moto. Siku ya joto kali vipunguze.

Halafu linakuja jambo linalowachanganya watu: tangawizi. Wachina wanaila zaidi wakati wa joto. Maelezo yao ni kwamba yang ikiwa imetoka nje kwenye ngozi, tumbo ndani linabaki na ubaridi, kwa hiyo linahitaji kupashwa. Ndiyo maana chai ya tangawizi ya asubuhi haipingani na maji ya choroko ya mchana. Usiku iache, itakukosesha usingizi.

Upepo wa pikipiki na feni unaleta ugonjwa?

Tiba ya Kichina inauhofia sana upepo, hasa ukikuta vinyweleo vimefunguka kwa jasho. Madereva bodaboda wetu wanaamini hivyo hivyo. Ndiyo maana unawaona na koti zito limevaliwa nyuma mbele, juani. Nimonia inaletwa na vimelea, upepo haubebi lawama hiyo. Lakini shingo kukakamaa na misuli ya kifua kuuma baada ya kupigwa upepo ukiwa umelowa jasho, hilo lipo. Kaka, koti la kuzuia upepo liwe jepesi. La ngozi saa 7 mchana linakupika. Feni nayo isielekezwe kwenye kichwa usiku kucha.

Nikiona joto nijitose ziwani?

Usifanye hivyo. Ufukwe wenye majani na konokono una kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozini ukiwa umesimama tu majini. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili ni salama zaidi kuogea. Kama umezoea kuingia ziwani, nenda ukapime, dawa ya prazikwanteli ipo.

Nyumba yangu ni ya bati, usiku silali. Kanuni inasemaje?

Kanuni inasema usiku ni wa yin, bati linasema vingine. Mawe yetu nayo yanameza jua mchana na kulitema usiku, kwa hiyo chumba kilichobanwa na majabali huwa na joto mpaka saa 5. Fungua madirisha ya pande mbili jioni, yawe na wavu. Oga maji ya uvuguvugu, si ya baridi kali, kwa sababu ubaridi unaibana ngozi na joto linabaki ndani. Kula mapema. Kaa nje na familia mpaka nyumba ipoe, ila jipake dawa ya mbu. Hapo ndipo ule ushauri wa kulala kwa kuchelewa kidogo unapopata maana kwetu: subiri chumba kipoe, si mwanga.

Hii chi, nguvu ya uhai ya Wachina, na yin na yang si mambo ya kishirikina?

Hakuna tambiko wala sala ndani yake. Ni namna ya zamani ya kueleza mwili kabla ya vipimo. Unaweza kupumzika adhuhuri na kunywa maji ya choroko bila kuamini neno hata moja, na faida utaipata.

Nikifunga Ramadhani au Kwaresima nitafuataje haya?

Kazi nzito isogezwe kwenye saa za mwanzo baada ya alfajiri, kailula isikosekane, mazoezi yawe baada ya kufuturu. Wagonjwa wana ruhusa yao kidini, waitumie.

Mwili ukiwa wa moto nitajuaje ni jua au malaria?

Hutajua kwa kugusa paji la uso. Kandokando ya Ziwa Victoria homa ni ya kupimwa, na kipimo cha haraka cha malaria kinapatikana mpaka zahanati. Usikae nyumbani ukinywa maji ya choroko kupoza homa. Tena hapa tiba ya Kichina yenyewe inakupeleka hospitali: artemisinini, iliyo asili ya dawa mseto tunayopewa, ilipatikana kwenye mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Mtu akianguka juani, akaongea ovyo, mwili ukawaka, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji na mpepee bila kusimama, huku usafiri wa kwenda hospitali ukitafutwa. Asipewe kinywaji kama hajitambui.

Nikinunua dawa za Kichina za mitishamba za joto, kuna shida?

Inategemea nani anakuuzia. Tiba mbadala ina sheria yake nchini, ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili watoa huduma. Omba kuona cheti cha usajili. Mwenye nacho hatakasirika. Dawa ya kopo lenye maandishi ya Kichina matupu, iliyotandazwa chini stendi, iache hapo hapo. Mwenye presha awe makini zaidi: mizizi ya gancao, ambayo imo kwenye michanganyiko mingi ya Kichina, hupandisha presha ikitumiwa kwa wingi, na mahuang, mmea mwingine wa dawa zao, huendesha moyo mbio. Taja dawa zako zote za hospitali kabla hujalipa.